Mgao

Januari lilikuwa goti.
Lilizima pale Mtoni, alfajiri ya Jumapili,
ghafla, bila tangazo, kama umeme,
na wenzangu wa jogingi wakanipita wakiimba,
fulana za njano, filimbi ya Mwinshehe mbele yao,
mimi nimekumbatia nguzo ya taa
kama mtu anayeidai pesa.

Machi goti likarudi. Nikashukuru mapema mno.
Aprili, na mvua zake, ikawa zamu ya kisigino:
hatua ya kwanza toka kitandani, msumari,
ya pili, msumari,
ya tatu nimejikaza kisabuni mpaka chooni.
Mke wangu akisikia "aah" yangu
anajua saa kumi na moja imetimia.
Kengele ya simu tumeizima, haina kazi.

Kisha nyama ya paja. Kisha ugoko.
Mwilini mwangu kuna ratiba ambayo sikuonyeshwa:
huku wakiwasha, kule wanakata.

Usiniambie kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Koleo lenyewe ndilo hili, lina vidole vitano,
limelala juu ya stuli, limefungwa barafu za ubuyu
za shilingi mia mia kutoka friji ya jirani,
na watoto wake wamesimama mlangoni
wanauliza kama nikimaliza bado zinaliwa.

Wala usiniambie mwenda pole hajikwai.
Nilikwenda pole. Juni, na kandambili, kununua vocha,
mwendo wa bibi harusi,
nikateguka kifundo ukingoni mwa mtaro, Tandika,
mbele ya muuza kahawa, ambaye hakucheka,
na kutocheka kwake ndiko kuliniuma.

Tuntufye, wa chumba cha viungo pale hospitali,
ana mikono ya mtu aliyekanda unga tangu utoto.
Hunifunga mpira mwekundu mguuni, husema:
vuta, hesabu kumi, achia.
Wiki ya tatu akaniuliza, macho daftarini,
"Kwani ulikuwa unakimbilia wapi?"
Nikacheka. Nilipofika saba nikagundua sina jibu.

Jibu lilinijia kazini, dirisha namba mbili,
ninapopokea malalamiko ya bili za maji.
Siku nzima natukanwa kwa niaba ya bomba.
Mama mmoja alininyanyulia ndoo kavu, akaitikisa
kana kwamba mimi ndiye niliyeyanywa.
Nikasema pole, mama. Chini ya meza
unyayo wangu ulikuwa unapiga mwendo,
mdogo mdogo, peke yake, Barabara ya Kilwa nzima.
Saa moja kwa wiki nilikuwa na mahali
ambapo sikudaiwa kitu ila pumzi.

Jumapili hizi nimepewa kazi ya kugawa maji.
Ndiyo, maji. Mwinshehe hakuona kichekesho.
Nasimama na beseni la vikombe,
wanakuja, jasho na wimbo,
wananyakua bila kusimama, "Pole, Kibwana!",
na barabara nzima inabaki na vikombe vyangu
vikibingirika kunifuata.

Juzi Tuntufye karuhusu:
dakika moja kimbia, nne tembea.
Nikasubiri giza nisionwe.
Dakika moja ni ndefu. Ilitoka kwa muuza vitumbua
mpaka geti la shule ya msingi,
na ikabaki ya kuruka dimbwi.
Sikusikia goti. Sikusikia kisigino.
Kisha, upande wa kushoto, nyongani,
kitu kikakohoa kidogo, kama mpangaji mpya
anayetaka ijulikane yupo.

Nikajifanya sijasikia.
Saa ikalia. Nikatembea dakika zangu nne
nikizihesabu kama chenji.